Upweke na kicheko kwa bajeti ndogo: maswali ya mtengenezaji filamu wa Mji wa Kale

Vijana wengi wa Mombasa wenye hamu ya kutengeneza filamu huanza kwa kuulizia bei ya kamera. Maswali yafuatayo yanaanza na hadithi.

Je, filamu ya kuchekesha yaweza kubeba jambo zito kama upweke?

Yaweza, na Kenya ina mfano wake. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiotibika. Mama yake anamtoa hospitalini, kisha kwa kumhofia anamzuia ndani. Jo anapendwa, ila hana wa kucheza naye. Dada yake, Mwix, hakubaliani na hali hiyo. Anawashawishi wanakijiji wajifanye kuamini kwamba Jo ana nguvu za ajabu, na watu wazima wanaganda kana kwamba mtoto huyo amesimamisha wakati. Mtazamaji anacheka, huku akijua kwamba kila aliyeganda pale anafahamu Jo anakufa.

Ilitengenezwaje bila fedha za Hollywood?

Ilitokana na mafunzo ya One Fine Day Films, iliyoanzishwa na Tom Tykwer na Marie Steinmann, kwa ushirikiano na Ginger Ink ya Nairobi. *Nairobi Half Life* (2012) na *Kati Kati* (2016) zilipitia njia hiyo hiyo. Hadithi yenyewe pia ilipunguza gharama: nguvu za Jo zinatengenezwa na majirani, si kompyuta. Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Berlin, kisha Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar.

Kwa nini Mji wa Kale wa Mombasa unafaa kwa hadithi kama hiyo?

Kwa sababu ni vigumu mtu kuwa mpweke pale bila mtaa mzima kujua. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na baraza za mlangoni zina macho asubuhi hadi usiku. Kicheko kinazaliwa hapo: mtu anataka kuachwa peke yake, majirani hawamwachi.

Tuseme mzee amefiwa na rafiki aliyekuwa akikaa naye barazani. Muuza kahawa anapita na dele lake, makaa yakiwaka chini, akigonganisha vikombe. Mzee anaagiza viwili. Muuzaji anamimina vyote viwili, anapokea pesa ya vyote, na kesho yake anamimina viwili bila kuambiwa. Onyesho hilo halihitaji zaidi ya waigizaji wawili, kamera moja na mwangaza wa alasiri. Kutoka hapo hadi Ndia Kuu au bandari ya zamani, kikosi kinakwenda kwa miguu.

Vikwazo ni vipi?

Leseni kwanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inaitaka kabla ya kupiga picha. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2011, iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo ruhusa huombwa huko.

Sauti ndiyo inayosumbua zaidi: tuktuk, mikokoteni, adhana mara tano kwa siku. Ratiba ipangwe kwa kuzifuata nyakati za swala. Masika nayo huharibu siku nyingi za kazi. Msimu wa kaskazi ni salama zaidi. Na wazee wa mtaa waonwe kabla kamera haijatolewa mkobani.

Itaonyeshwa wapi?

Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, liko jirani. Mwaka 2017 lilifunguliwa kwa *T-Junction* ya Amil Shivji, kuhusu Fatima, binti aliyefiwa na baba, anayepata urafiki na Maria hospitalini. Hiyo nayo ni filamu ya watu wawili wanaosikilizana, na watazamaji waliipokea.

Lakini onyesho la mwanzo lifanyike mtaani, kwa projekta na ukuta mweupe. Wenye nyumba zilizotumika wakae mbele, kisha waulizwe hadithi iliwapoteza wapi. Majibu yao yaingie kwenye uhariri wa mwisho kabla nakala haijatumwa tamashani.