Meza Ndogo ya Kando ya Kiti

Watu wengi wanunuapo meza ndogo ya kuweka kando ya kiti hutazama rangi yake tu, wala hawaitikisi. Hilo ni kosa, kwa kuwa meza hiyo ndiyo ibebayo taa ya mafuta na chai ya moto, na watoto hucheza karibu nayo.

Yafaa mnunuzi aijaribu kwanza. Aubonyeze ukingo wake kwa mkono. Upande wa pili ukiinuka, miguu imekaribiana mno. Penye sakafu ya udongo isiyo sawa, meza ya miguu mitatu haichezi kama ile ya minne, lakini miguu hiyo lazima itanuke, isije ikapinduka ikielemewa pembeni. Kimo chake kilingane na mkono wa kiti, yapata sentimita 55 hadi 60. Mbao ziwe zimekauka vema, maana mbao mbichi hupindika na viungo vikalegea. Mvule hustahimili mchwa.

Mapambo yasizidi. Kitambaa kiishie ukingoni, kisining'inie, mtoto asije akakivuta akajimwagia chai. Taa isimame katikati, mbali na pazia. Uzuri wa meza huanzia miguuni.