SUGU: SOMO KWA WANAOJIFUNZA GITAA

Mhariri ameniomba niandike somo kuhusu gitaa, na bila shaka wengi mlitarajia nianze na kodi (si ile inayotozwa na serikali, nasema zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). La hasha! Naanza na vidole. Mwaka juzi tulijiandikisha wanafunzi saba kujifunza gitaa. Watano waliacha kabla ya muhula kwisha, na sikumsikia hata mmoja akisema hana sikio la muziki. Waliacha kwa sababu ya uchungu wa vidole. Mimi mwenyewe nusura niwe wa sita.

Kisa changu ni hiki. Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilipewa nafasi ya kuimba Siku ya Wazazi, nami nikachaguliwa kupiga gitaa. Tulikuwa na wiki tatu za kujitayarisha. Kwa kuwa nilikuwa nyuma, Jumamosi moja niliingia chumba cha muziki baada ya chakula cha mchana na sikutoka hadi kengele ya chakula cha jioni. Jumapili nikafanya vivyo hivyo. Kufikia Jumatatu asubuhi kidole changu cha kati, mkono wa kushoto, kilikuwa na lengelenge kubwa kama punje ya hindi.

Bwenini kila mtu ni daktari. Mmoja aliniambia, "Toboa bana, itakauka tu." Nikatoboa kwa pini. Mwingine akasema utomvu wa mgomba hukausha kidonda, na si unajua hapa Kisii migomba haikosekani. Nikapaka. Wa tatu alileta mafuta ya taa, nayo nikapaka. Kisha nikajikaza kisabuni nikaendelea kupiga juu ya kidonda kibichi, kwa nyuzi zilizokuwa na kutu. Siku ya nne kidole kilivimba, kikajaa usaha, na usiku kilipwita kana kwamba kina moyo wake. Muuguzi alikisafisha, akanipa dawa, akanikataza kugusa waya kwa wiki mbili.

Basi Siku ya Wazazi kikundi kiliimba kwa makofi. Mama yangu alikuwa ameacha kuchuma chai siku hiyo, akapanda matatu kutoka Kebirigo, kwa sababu nilikuwa nimempigia simu kumwambia atanisikia. Walipomaliza aliniuliza, "Na hilo gitaa liko wapi?" Nikamwonyesha kidole. Hakunigombeza. Alichukua mkono wangu akauweka kando ya wake. Wale wa Nyamira mnavijua vidole vya mchuma chai: vyeusi kwa maji ya majani, na pale kidole gumba kinapokutana na cha shahada ngozi ni ngumu kama soli. Akaniambia kwamba mwaka alioolewa alichuma kutwa nzima siku ya kwanza ili asionekane mvivu kwa wakwe, na kesho yake hakuweza kushika mwiko wa ugali. "Hawa uliowaona wakichuma haraka," alisema, "walianza na kikapu nusu."

Maneno hayo yalinipeleka kwenye daftari langu la Biolojia. Waliofika kidato cha pili wanakumbuka kwamba ngozi ya nje ina matabaka. Chini kabisa kuna tabaka la Malpighi, ambalo seli zake hugawanyika kila siku. Seli mpya husukumwa juu polepole, hufa njiani, na zikifika juu huwa tabaka gumu la seli zilizokufa. Ngozi inaposuguliwa au kubanwa kidogo kidogo, mara nyingi, mwili huongeza unene wa tabaka hilo la juu. Huo ndio unene tunaouita sugu. Lakini ikisuguliwa kwa nguvu na kwa muda mrefu bila kupumzika, matabaka huachana, na maji ya mwilini huingia katikati. Hilo ndilo lengelenge. Kwa hivyo lengelenge si hatua ya kuelekea kwenye sugu, kama tulivyokuwa tukidanganyana bwenini. Likitunguka, linaondoka na ile ngozi uliyokuwa umeanza kuijenga, nawe unaanza upya.

Sasa tuje kwa gitaa lenyewe, maana hapa ndipo nilipopata elimu ambayo sikuitazamia. Likizo iliyofuata nilimtembelea mzee mmoja jirani yetu ambaye tangu ujana wake anapiga obokano. Kwa wasiotoka huku, obokano ni zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane. Lina bakuli pana la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili, na mti wa kukingama juu ambako nyuzi hufungwa. Ni ndugu wa nyatiti ya Waluo na litungu la Waluhya, ila sauti yake ni nzito, inanguruma. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni. Mpigaji wa obokano habani uzi kwenye mti kama sisi. Kila uzi una sauti yake, naye huudonoa kwa vidole vya mikono yote miwili. Ndiyo maana sugu zake ziko ubavuni mwa vidole, si kwenye ncha.

Mzee alilitazama gitaa langu, akapitisha kidole chake kinene chini ya nyuzi, kikapita bila taabu. Akacheka. "Mjukuu wangu, hiki si chombo. Hii ni kamba ya kuanikia nguo."

Nilichukua rula nikapima. Katika freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni), uzi ulikuwa umeinuka milimita 4.5. Gitaa la nyuzi za chuma lililotengenezwa vizuri huwa na milimita 2 hadi 3 hivi. Yaani kwa miezi kadhaa nilikuwa nikibana waya umbali ambao hata mpigaji hodari angelalamika, nami nikijiona dhaifu! Binamu yangu anachonga mawe ya sabuni kule Tabaka, na kazi ya msasa anaijua kuliko seremala. Tulilegeza nyuzi, tukatoa kile kipande cheupe cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja, tukakisugua upande wa chini juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Angalieni hesabu: ili uzi ushuke milimita 1 pale freti ya 12, ni lazima upunguze milimita 2 za kipande hicho, kwa sababu freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi. Tulitoa milimita 3, nusu milimita kwa wakati, tukipima kila mara. Ukizidisha, nyuzi zitagusa freti na kukereza, na plastiki iliyosuguliwa hairudi. Gitaa likashuka hadi milimita 3. Siku hiyo kodi ya F, iliyokuwa adui yangu mkubwa, ilitoka.

Juu, kichwani mwa shingo, kuna kipande kingine chenye mifereji ya nyuzi. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza. Ikiwa karatasi moja au mbili zinapita kwa shida, ni vizuri. Ikiwa ni pana sana, tafuta fundi, usijaribu mwenyewe, mifereji hiyo huharibika upesi.

Ambaye hana msasa wala fundi anaweza kulegeza. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba, kwa pamoja huvutwa kwa nguvu ya takriban kilo 70. Ukishusha gitaa lote kwa freti moja, mvuto hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ukishusha freti mbili, sehemu moja ya tano. Ukitaka kuimba na wenzako kwa sauti ileile, bana kibanio kwenye freti ya pili. Gitaa la nyuzi za nailoni ni laini zaidi, lakini msiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa tamaa ya sauti kali. Limejengwa kwa mvuto mdogo, na daraja litang'oka.

Kisha kuna makosa ya mkono. Uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.3 tu. Mwalimu wa Fizikia alitufundisha kwamba nguvu ileile juu ya eneo dogo huleta shinikizo kubwa. Ndiyo maana ndoo yenye mpini wa waya hukata vidole mpaka tuufunge kitambaa. Uzi hatuwezi kuufunga kitambaa, basi kilichobaki ni kupunguza nguvu. Jaribu hivi: bana uzi karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo, si katikati ya nafasi. Piga noti huku ukilegeza kidole polepole mpaka sauti ianze kukereza. Ongeza nguvu kidogo tu, sauti isafike. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajika, hakuna zaidi. Nilipojaribu mara ya kwanza niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nikibana kama mtu anayekaba koo la mwizi.

Kuhusu muda, mimi sasa napiga dakika 15 baada ya chai ya saa nne asubuhi (mkate naumeza haraka), dakika 15 baada ya michezo, na 15 nyingine kabla ya prepu. Ni dakika 45 kwa siku, chini ya robo ya nilizopiga ile Jumamosi ya balaa, na baada ya wiki ya tatu sugu zilikuwa zimeanza kushika. Jumamosi msipige mara tu baada ya kufua. Ngozi iliyolowa ni laini na huchubuka upesi. Ngojeni nusu saa ikauke. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, na zikishika kutu zitolewe, kwani kutu ni msumeno.

Tena mjue uchungu wa kuvumilia na ule wa kuacha. Ncha zikiuma kidogo na kuwa na mistari ya nyuzi inayofutika baada ya muda mfupi, hiyo ni kawaida. Ukihisi doa moja lina joto kama limeguswa na sufuria, weka gitaa chini hapo hapo. Ganzi isiyotoka, au maumivu ya kifundo cha mkono, si habari za ngozi kabisa; pumzika, na yakiendelea mwone daktari.

Na lengelenge likitokea licha ya yote? Usilitoboe. Maji yaliyomo yanakinga ngozi changa iliyo chini. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa plasta. Likipasuka lenyewe, usiing'oe ile ngozi ya juu. Ilaze mahali pake, ufunike. Usipige kwa kidole hicho mpaka kisiume tena. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha, joto, au mstari mwekundu unaopanda mkononi, nenda kwa muuguzi siku hiyo hiyo, na usitie utomvu wala mafuta ya taa, nawasihi sana.

Siku ambazo mkono wa kushoto unapumzika, mkono wa kulia haujakatazwa. Nilitumia zile wiki mbili za adhabu yangu kudonoa nyuzi wazi kwa kidole gumba na cha shahada. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nikifuata njia ya wakubwa. Jean-Bosco Mwenda wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia vidole hivyo viwili tu, na ukimsikiliza utadhani wako wapigaji wawili. Hapa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alidonoa kwa mtindo wa omutibo huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda. Wote wawili waliimba kwa Kiswahili, kwa hiyo sioni ni kwa nini chama hiki kisiwahesabu kuwa wetu. Na kwa Ekegusii tunaye marehemu Christopher Monyoncho, ambaye rekodi zake bado zinapigwa arusini huku kwetu.

Wiki mbili zile zilinipa kidole gumba kinachotunza mdundo bila kuniuliza. Kidonda cha kidole cha kati kilipona, kikaacha kovu dogo ambalo mpaka leo hukaa kando kidogo ya uzi wa tatu.

Wale watano walioacha, natumaini mnasoma ukurasa huu. Magitaa mawili ya shule nimeyapima kwa rula: moja lina milimita 4, jingine 5. Nimeshamweleza mwalimu wetu wa Muziki, naye amekubali tuyashushe. Binamu yangu ametoa msasa. Tutaanza Jumatano hii baada ya michezo, chumba cha muziki, na Siku ya Wazazi ya mwaka huu imebakisha wiki tisa. Mama amesema atakuja, ila safari hii nisimpigie simu mpaka niwe na hakika.