Kudamka Mapema Kunaanza Jioni

Tunapowatembelea tunasikia lalamiko lile lile: mkutano umewekwa saa 3 asubuhi, watu wanafika saa 5, jua limeshakuwa kali. Tukisema tujifunze kudamka, wote wanaitikia. Wiki inayofuata ni yale yale.

Tuwaangalie akina mama wanaouza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Ngamia hukamuliwa huko malishoni, maziwa yakaletwa mjini, na mengine hupakiwa kwenye gari hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa ya ngamia hayachachi upesi kama ya ng'ombe, lakini joto halina huruma na gari halimngoji mtu. Anayekamua akichelewa, mwenzake wa mjini ndiye anayepata hasara. Hapo hakuna haja ya mahubiri. Mtu anaamka kwa kuwa kuna mwingine anayemngojea, na hiyo ndiyo nidhamu tunayoitafuta.

Kwa hiyo msianze na faini. Chagueni kazi moja tu, kwa mfano kumwagilia bustani ya kikundi kabla jua halijapanda, maana maji ya saa 6 mchana mengi hupotea kwa joto. Wapangeni watu wawili wawili. Saa ya mkononi si lazima. Adhana ya alfajiri inamwamsha Mwislamu na Mkristo pia. Endeleeni hivyo miezi miwili mitatu bila kuongeza jambo lingine.

Usiku nao uangaliwe. Mtu mzima anahitaji kulala masaa 7 hivi. Anayetaka kuamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 4 usiku. Sasa yule anayetafuna miraa hadi usiku wa manane (na miraa kwetu haiko mbali, si mnajua), huyo hata mkimpigia ngoma asubuhi hasikii.

Kuna jambo linalotuuma. Katika manyatta nyingi mama ameamka kitambo: moto, chai, mbuzi, watoto wa shule, kisha foleni ya maji. Kumwambia huyu arauke zaidi ni kumwonea. Tumeona kwamba wanaochelewa mkutanoni mara nyingi ndio walioamka wa kwanza! Kikundi kinapopanga saa, kiulize nani bado amelala wakati chai inaiva. Baba au kijana akichota maji siku ya mkutano, mama atafika saa 3. Ila asitumwe mtu kisimani gizani peke yake. Fisi wapo, na hali ya usalama mnaijua.

Jadilini katika kikundi: Leo nyumbani kwako nani aliamka wa kwanza, na alifanya kazi zipi kabla ya saa 3? Ni ipi kati ya hizo inayoweza kuchukuliwa na mwingine kuanzia Jumatatu? Atakuwa nani? Andikeni jina lake kwenye daftari la kikundi, akiwepo mwenyewe.