SOMO LA KIKUNDI: MSHAURI WAKO AKIONDOKA

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Hapa Kenya washauri nasaha wengi katika kliniki za Ukimwi walikuwa wakilipwa kwa fedha hizo. Wengi walisimamishwa kazi ghafla, na watu waliowazoea kwa miaka wakaachwa bila hata kwaheri. Mshauri huweza pia kupata uhamisho au kustaafu. Je, tufanyeje?

1. Tukubali huzuni
Aliyekutunzia siri akiondoka, ni msiba mdogo. Utakasirika, pengine utasema, "Mimi sirudi tena." Huo si utoto. Lakini usidhani ameondoka kwa sababu umemchosha. Na yale uliyojifunza, kama kutuliza hasira kabla ya kujibu au kukwepa maskani ya unga, hakwenda nayo. Ni yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

2. Omba kuagana
Ukipata habari mapema, omba kikao cha mwisho. Semeni mlipoanzia, mlipofika na kilichobaki. Omba barua ya kukupeleka kwa mwingine. Uliza faili lako litabaki kwa nani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua yaliyoandikwa juu yako.

3. Anza na mpya pole pole
Mji wa Kale nyumba zimebanana, na neno likitoka Kibokoni halikawii kufika Kuze. Ndiyo maana watu huogopa: "Huyu mpya asije akawa jamaa yake shangazi!" Basi uliza siku ya kwanza: siri yangu itatunzwaje? Ukiona ni mtu wa karibu mno, omba mwingine, hata ng'ambo ya Likoni au Kisauni. Si lazima useme yote siku moja. Mpe vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua kwamba hampatani. Yeye si yule wa kwanza, na hawezi kuwa.

4. Dawa zisikatike
Ikiwa unameza ARV, dawa za akili au methadoni, endelea kuzifuata hata kama hujapata mshauri. Ukizidiwa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 1192 ya NACADA kwa shida za mihadarati. Simu hizo ni za bure.

Kazi ya kikundi
Tusijifanye washauri. Mwenzetu akikubali, tumsindikize siku ya kwanza, tumngoje nje, wala tusimwulize alichosema huko ndani.

Maswali ya kujadiliana
- Kwa nini watu wa mtaani kwetu huacha kliniki mhudumu akibadilishwa?
- Siri ya mwenzetu tunaitunzaje hapa kikundini?
- Mwezi huu nani yuko tayari kuwa msindikizaji?