KUCHAGUA PEDI NA DISKI ZA BREKI

Barabara itokayo Limuru na kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu yajulikana sana na madereva. Dereva mgeni huishuka akiwa ameikanyaga breki tangu juu mpaka chini, na mara nyingi hufika salama. Lakini siku moja, akiwa na mzigo mzito nyuma na lori mbele yake, hukanyaga na kuona kwamba gari halipunguzi mwendo kama ilivyokuwa desturi yake. Pengine pedali huwa ngumu chini ya mguu, lakini gari laendelea tu. Pengine, na hili ni baya zaidi, pedali huzama mpaka sakafuni kana kwamba amekanyaga hewa. Mambo haya mawili hayana asili moja. Mtu ye yote atakaye kutia pedi na diski zilizo bora katika gari lake hana budi kuyatambua kwanza, asije akanunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500, likishuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, hutoa joto la kutosha kuchemsha lita 4 za maji baridi. Upepo na injini huchukua sehemu ya joto hilo; yote yanayobaki huingia katika breki. Tena, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huzipa breki kazi mara nne, wala si mara mbili, kuliko gari lile lile likienda kilomita 50. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe, "Ni pedi gani inayokamata zaidi?" bali, "Gari langu hutoa joto kiasi gani, na joto hilo litakwenda wapi?"

Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, kosa li katika pedi. Pedi ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyoshikamanishwa kwa gundi, na gundi hiyo ikipata joto kupita kiasi chake huharibika na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Pedali ikizama, mara nyingi kosa li katika mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo, hata kama chupa yake haijafunguliwa tangu gari liliponunuliwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 205, lakini yakiisha kuingia maji huweza kuchemka kwenye digrii 140. Ya DOT 4 ni digrii 230 na 155. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu. Hapana pedi duniani iwezayo kuponya jambo hilo. Mwenye gari ambaye hajabadili mafuta ya breki kwa miaka miwili na aanze hapo, kwa maana gharama yake ni ndogo. Asichanganye DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na aina hizo nyingine.

Tukija kwenye pedi zenyewe, zile zisizo na chuma kingi ni laini, hazipigi kelele na hazili diski upesi. Zawafaa watu waendao kazini na kurudi mjini. Za kauri hutoa vumbi kidogo na hudumu. Zenye chuma kingi huvumilia joto zaidi, na kwa pikapu ibebayo mizigo milimani ndizo zifaazo, ijapokuwa hulia wakati wa asubuhi na kuila diski. Ziko pia pedi za magari ya mashindano, na vijana wengi huzitamani. Pedi hizo hufanya kazi vizuri zikiisha kuwa moto sana; zikiwa baridi hukamata kidogo. Mtoto akikatiza barabara mbele ya nyumba asubuhi, gari lenye pedi za namna hiyo litachelewa kusimama. Hiyo ni hasara iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Kwenye ukingo wa pedi nyingi huchapwa herufi mbili kwa utaratibu wa Kimarekani, kama vile EE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano wa pedi katika joto la kawaida, na ya pili msuguano wake ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni mpaka 0.45, na G mpaka 0.55. Basi pedi yenye herufi FE hupoteza nguvu ipatapo joto, na mtu ashukaye milima afadhali aiache dukani. Herufi hizo hazisemi kama pedi itadumu, wala kama ni halali au ya bandia. Hapo mnunuzi ategemee duka linalojulikana, na apeleke namba ya chasisi ya gari, maana magari mawili ya jina moja yaliyotoka Japani huweza kuwa na pedi tofauti.

Diski ndiyo ghala la joto. Nyingi ni za chuma cha kusubu, na iliyo nzito na yenye nafasi za hewa katikati hupoa upesi kuliko iliyo bapa. Diski zenye matundu hupendeza machoni, lakini matundu hupunguza chuma cha kuhifadhi joto, na nyufa huanzia hapo. Kwa gari la kazi, diski laini ya ubora wa kiwandani yatosha. Diski kubwa zaidi huongeza nguvu kweli, ila rimu lazima iwe na nafasi, na kalipa lazima ihamishwe. Lililo muhimu zaidi ni ulinganifu wa mbele na nyuma. Gari dogo kama Toyota Probox lina diski mbele na madramu nyuma kwa sababu uzito hukimbilia mbele linapofunga breki. Mtu akiongeza nguvu za nyuma peke yake, magurudumu ya nyuma yataweza kujifunga kwanza, na gari litazunguka. Tena breki haiwezi kushinda tairi: tairi iliyokwisha itateleza tu, pedi ikiwa ya bei yo yote.

Kila diski huchapwa unene wa chini usiopasa kupitwa. Fundi na aupime kwa kipimo, si kwa macho. Pedi na diski zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, na kutu ya kitovu cha gurudumu isuguliwe kabla ya kuweka diski mpya, la sivyo usukani utatetemeka baada ya safari chache. Vumbi la zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, iletayo maradhi ya mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Pedi mpya zizoezwe barabarani pasipo magari: mwendo wa kilomita 50 upunguzwe mpaka 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha gari liende polepole hadi breki zipoe. Na mwenye gari akiteremka Mai Mahiu, atie gia ya chini tangu juu, akanyage kwa vipindi na kuachia. Akifika chini na kunusa harufu ya kuungua, asisimame huku ameikanyaga pedali, wala asimwagie magurudumu maji, kwa kuwa diski yenye moto huweza kupasuka. Aendelee polepole kilomita mbili tatu, upepo uzipoze.