Kioo Kinachopima Nchi

Mtu akishika kioo kidogo juani, huona nuru ikicheza ukutani. Akikigeuza kidogo tu, nuru huhama mbali. Sababu yake ni hii: kioo kikigeuka digrii 1, mwali unaorudishwa nacho hugeuka digrii 2. Basi kosa la kioo huwa maradufu katika nuru.

Jambo hili ni kubwa kwa wapimaji wa nchi. Katika eropleni huwekwa chombo kitoacho miale ya leza, na kioo kinachoyumba huieneza huku na huku juu ya ardhi. Muda wa mwali kwenda na kurudi huonyesha umbali. Lakini kutoka mita 1,000 juu, kosa la kioo la sehemu 1 katika 100 ya digrii husogeza alama karibu sentimita 35. Hivyo ukingo wa mto waweza kuandikwa mahali pasipo pake, na ramani ya mafuriko ikawadanganya wenye nyumba.

Dawa zake ni tatu. Kwanza, kioo kiwe chepesi lakini kigumu, kisipindike kinapogeuka upesi. Pili, mhimili wake uwe na kipimo cha kusoma pembe kwa kila mwali. Maana kosa linalojulikana huondolewa kwa hesabu. Tatu, eropleni ipite juu ya mahali pale pale kwa kwenda na kwa kurudi. Ikiwa paa la nyumba moja laonekana mahali pawili, vipimo visahihishwe kabla ramani haijachorwa.