Somo la Stima: Mle Ndani ya Ua wa Kituo Kidogo cha Umeme

Wengi wetu hupita kando ya kituo kidogo cha umeme tukaona ua wa waya, bango la fuvu la kichwa na msitu wa vyuma unaovuma. Swali huja pale tu tangazo linapotoka kwamba stima itakatwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni: wanafanya nini mle siku nzima? Katika toleo hili tunaingia ndani ya ua huo, kwa maneno, si kwa miguu.

Kituo kipo kwa sababu umeme wa safari ndefu husukumwa kwa nguvu kubwa sana. Laini inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ni ya kilovolti 220, ilhali soketi ya nyumbani kwako ni volti 240. Tuseme laini inabeba megawati 30. Kwa kilovolti 220, mkondo wake ni takriban ampea 79. Kwa kilovolti 33, ni kama ampea 525, na waya uleule ungepoteza joto zaidi ya mara 40. Kwa hivyo stima huja mbali ikiwa juu, kisha hushushwa hatua kwa hatua: kilovolti 33, kilovolti 11, hadi ile transfoma ya nguzo iliyo karibu na kwako.

Mzee wa ua huu ni transfoma. Ndani ya tangi lake kuna mabamba membamba ya chuma yaliyozungushiwa nyaya za shaba, vyote vikiwa vimezama katika mafuta. Mafuta hayo huzuia umeme usiruke kutoka kwenye nyaya hadi kwenye tangi, na hubeba joto kulipeleka kwenye mapezi ya ubavuni, ambako upepo au feni hulipoza. Transfoma ya kilovolti 220 ina uzito wa makumi ya tani, hivyo husafirishwa bila mafuta, tangi likiwa limejazwa hewa kavu au naitrojeni ili unyevu usiingie. Ndiyo hiyo inayobebwa na lile lori refu la magurudumu mengi linalokwenda mwendo wa kobe. Ikifika, huinuliwa kwa jeki za haidroli na kutelezeshwa juu ya reli hadi kwenye msingi wake wa zege. Kisha huletwa mashine ya kuchuja mafuta, ambayo huyapasha moto na kuyanyonya maji na hewa, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa, usiku na mchana. Mpita njia huona transfoma imesimama na kudhani mradi umelala. Haujalala. Unyevu kidogo ukibaki ndani, transfoma inaweza kuharibika ikishawashwa, na kifaa kama hiki hakiuzwi dukani. Huagizwa na kuundwa kwa vipimo vya kituo chenyewe, na mwenye kukisubiri husubiri miezi mingi.

Juu ya tangi hufungwa kifaa kidogo kinachoitwa rilei ya Buchholz, kwa jina la Mjerumani Max Buchholz aliyekibuni mwaka 1921. Hitilafu ikianza ndani, mafuta hutoa viputo vya gesi. Gesi ikijikusanya, kengele hulia. Mafuta yakisukumwa kwa kasi, transfoma huzimwa papo hapo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kifaa hicho bado kinafungwa.

Kukata umeme wa kiasi hiki si sawa na kubonyeza swichi ya sebuleni. Vyuma viwili vinapoachana, umeme huendelea kupita katikati kama cheche nene yenye joto la maelfu ya nyuzi. Saketi breka huizima cheche hiyo kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Breka nyingi hutumia gesi ya salfa heksafloridi, ambayo kilo yake moja hunasa joto la dunia zaidi ya mara 23,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana breka ya zamani inapobadilishwa, gesi yake hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa. Ile mikono mirefu inayofunguka wazi karibu na breka ni aisoleta: haikati mzigo, bali humwonyesha fundi kwa macho yake kwamba njia imekatika.

Kwetu pwani kuna adui mwingine: chumvi. Upepo wa bahari huipaka kwenye vihami vya kauri, vile vinavyofanana na visahani vilivyopangwa. Umande wa alfajiri ukiilowesha, umeme hupata njia juu ya kauri na kuruka. Kwa hivyo vihami huoshwa, au hubadilishwa na vya silikoni vinavyofukuza maji.

Sasa tushuke chini, mahali ambapo karibu hakuna anayeangalia. Chini ya zile kokoto, takriban nusu mita, kumezikwa wavu wa nyaya za shaba uliounganishwa na kila chuma cha kituo, ua ukiwemo. Radi ikipiga au waya ukianguka, umeme huingia ardhini kupitia wavu huo. Bila wavu, ardhi yenyewe huwa na volti tofauti hatua kwa hatua, na mtu anayetembea anaweza kuuawa na umeme unaopanda mguu mmoja na kushuka mwingine, bila kugusa chochote. Kokoto nazo si pambo. Hata zikilowa, hupunguza umeme unaoweza kuufikia mguu.

Shaba hiyo ndiyo huvutia wezi. Kipande kikikatwa, taa haizimiki, kwa hivyo hasara haionekani mara moja. Huonekana siku hitilafu inapotokea na fundi yuko uani. Wizi wa chuma cha minara huonekana haraka zaidi. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, na baada ya siku chache serikali ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu.

Tukirudi kwenye lile swali la siku nzima: kabla fundi hajashika spana, breka hufunguliwa, aisoleta hufunguliwa na kutiwa kufuli, nyaya hupimwa kuthibitisha hazina umeme, kisha hufungwa waya wa kuziunganisha na ardhi, na kibali kutiwa sahihi. Jioni yote hayo hurudiwa kinyumenyume. Hakuna hatua ya kurukwa, hata simu za wananchi zikiwa nyingi namna gani.

Ukiona kokoto zimefukuliwa, ua umekatwa au waya umelala chini, piga 97771, nambari ya Kenya Power, au mwarifu chifu. Usiingie. Mbuzi wako akiponyoka akapita chini ya ua, mwache humo hadi mafundi wafike.